Tamko: Mfumo wa Kumbukumbu za Wagonjwa Upimwe Mikononi mwa Wanaoutumia

Limetolewa Mpanda kwa Uongozi wa Mkoa wa Katavi, Waganga Wakuu wa Halmashauri, Wizara ya Afya, TAMISEMI, watengenezaji wa mifumo ya afya na wananchi wote

Sisi wauguzi, wakunga, matabibu, wafamasia, wataalamu wa maabara na watunza kumbukumbu, wanachama wa umoja mmoja tunaofanya kazi katika Manispaa ya Mpanda na katika halmashauri za Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, tumekaa, tumejadiliana na tumekubaliana kusema jambo moja hadharani. Mfumo wowote wa kielektroniki wa kumbukumbu za wagonjwa unaoletwa katika mkoa huu, uwe mpya au toleo jipya la ule uliopo, usipokelewe kabla haujapimwa urahisi wa kuutumia. Na upimwe palepale utakapofanya kazi: zahanati, wodini, dirisha la mapokezi, mchana na usiku, mikononi mwa wale watakaoutumia kila siku.

Tunalisema hili tukiwa watu wanaoitaka mifumo hiyo. Kila mtumishi wa afya wa Katavi analijua daftari dogo la shule analofika nalo mgonjwa, limekunjwa ndani ya kitenge, pembe zake zimelowa jasho, limeandikwa na matabibu wa vituo vitatu kwa kalamu za rangi tatu. Humo ndimo yalimo maisha ya mtu: shinikizo la damu la mwaka juzi, dawa iliyomletea vipele, kipimo cha malaria cha wiki iliyopita. Siku daftari hilo likichanwa na mtoto au likaliwa na mchwa, mgonjwa anaanza upya kama vile hajawahi kuugua. Mama anayepewa rufaa kutoka Inyonga kuja Mpanda, au kutoka Mpanda kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, hubebeshwa karatasi, na karatasi ikipotea njiani aliyempokea hana pa kuanzia. Mfumo mzuri ungemtangulia mama huyo. Taarifa zake zingekuwa mbele ya daktari kabla gari la wagonjwa halijazima injini.

Mkoa huu unajua thamani ya mganga anayewakumbuka wagonjwa wake. Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, alifika Adrian Atiman mwaka 1889. Alikuwa mtoto wa Afrika Magharibi aliyeuzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari na kusomeshwa utabibu Malta. Aliwatibu watu wa Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Mganga anayekaa mahali pamoja zaidi ya miaka sitini anamjua mgonjwa, anamjua mama yake, anamjua na bibi yake. Maandishi kwake ni nyongeza tu. Sisi hatukai hivyo. Mtumishi huletwa, huhamishwa, huenda masomoni. Zamu hubadilishana usiku na mchana. Kinachobaki kituoni ni kumbukumbu, na kumbukumbu ikiwa ngumu kuandika haitaandikwa, au itaandikwa nusunusu.

Tena watu wameongezeka. Katavi ilipata hadhi ya mkoa mwaka 2012 ikitoka Rukwa, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Wafugaji na wakulima wamehamia na familia zao. Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, yana maelfu ya watu ambao leo ni raia wa Tanzania. Foleni zetu zimerefuka kwa kadiri hiyo. Dakika moja inayokwama kwenye kompyuta haimkwamishi mtu mmoja. Inaikwamisha foleni nzima, hadi mzee wa mwisho aliyeketi chini ya mwembe.

Tumepitia mengi katika kuandika. Tulianza na vitabu vya MTUHA (Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya), ambavyo kila mmoja wetu anavijua kwa namba zake kuliko kwa majina yake: namba 5 ya wagonjwa wa nje, namba 6 ya wajawazito, namba 12 ya wodi ya wazazi. Ikaja DHIS2, programu ya kompyuta iliyoasisiwa Chuo Kikuu cha Oslo na kufanyiwa kazi hapa nchini pamoja na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaenea wilaya zote kufikia mwisho wa 2013 kwa ajili ya takwimu za mwezi. Kliniki za tiba na matunzo ya VVU zikawa na hifadhidata yao ya CTC2. Serikali ikatengeneza GoT-HoMIS kwa ajili ya kuendesha hospitali na vituo, na mifumo mingine ya dawa, chanjo, bima na huduma za jamii ikafuata. Kila mmoja uliletwa kwa nia njema, na kila mmoja ulikuja na mafunzo yake, neno lake la siri na ripoti yake.

Katika safari yote hiyo kimekuwa kikihesabiwa kitu kimoja: vituo vingapi vimeunganishwa. Ni hesabu nzuri kwa hatua ya mwanzo. Lakini kituo kinaweza kuwa kimeunganishwa, kompyuta ikawaka, na mfumo bado ukawa mzigo juu ya mzigo. Hilo halionekani kwenye jedwali lolote, kwa sababu hakuna anayeliuliza.

Tulieleze kwa usiku mmoja, ambao wengi wetu tumeuishi kwa namna moja au nyingine. Hatutaji kituo wala mfumo, kwa kuwa hatumshtaki mtu.

Ni saa tisa usiku. Mkunga yuko peke yake zamu. Mama ameletwa kwa bodaboda, uchungu umekolea, njia imefunguka sentimita nane. Mkunga anasoma kadi ya kliniki, anaanza patografu, chati ya kufuatilia uchungu. Kompyuta iko chumba cha pili, maana huko ndiko kwenye soketi nzima. Jina la mama liko tayari kwenye kadi. Ataliandika kwenye patografu, kwenye kitabu namba 12, kwenye kitabu cha ripoti ya zamu, kwenye daftari la dawa, kisha kwenye mfumo. Mfumo haumruhusu kuandika chochote cha uzazi kabla mama hajasajiliwa mapokezi, na mapokezi pamefungwa tangu jioni. Anamsajili mwenyewe. Anaulizwa namba ya simu. Mama hana simu. Nafasi hiyo ni ya lazima, ina kinyota chekundu, haipitiki ikiwa tupu. Anaandika sifuri kumi. Anaulizwa kitongoji; cha mama hakimo kwenye orodha, kwa kuwa ni kipya. Anachagua cha jirani. Anabofya kuhifadhi, duara linazunguka. Ng'ambo ya ukuta mama anaita. Mkunga analiacha duara likizunguka, anakimbia. Anaporudi mtoto ameshalia, mama amefunikwa khanga, mikono imeoshwa. Skrini imejifunga yenyewe na yote aliyoandika yamefutika.

Kunapokucha anaandika upya. Mwisho wa mwezi, atakayefungua takwimu ataona mzazi aliyeandikishwa saa mbili asubuhi, mwenye simu ya sifuri kumi, mkazi wa kitongoji asichokijua. Ripoti itasema watumishi hawako makini na takwimu.

Hilo la mwisho ndilo linalotuuma. Mkunga yule alifanya kila kitu sawasawa, aliokoa watu wawili, kisha kasoro ya programu ikaandikwa kwa jina lake. Na hakuna mafunzo yatakayoiondoa kasoro hiyo. Hata akipelekwa semina mara kumi, nafasi ya simu itaendelea kuwa ya lazima na soketi itaendelea kuwa chumba cha pili. Kinachohitajika ni mtu akae pembeni usiku ule, anyamaze, atazame, aandike anachokiona. Hicho ndicho tunachokiita kupima urahisi wa kutumia.

Jambo hili lina taaluma yake na viwango vyake. Shirika la Kimataifa la Viwango, katika kiwango namba 9241-11 kilichohuishwa mwaka 2018, haliruhusu mtu kusema tu kwamba mfumo ni rahisi. Linauliza: rahisi kwa nani, kwa kazi gani, katika mazingira gani? Kisha linataka kujua iwapo kazi imefanyika kwa usahihi, imegharimu muda na juhudi kiasi gani, na aliyeifanya ameridhika kiasi gani. Neno zito kwetu hapo ni mazingira. Mfumo ulioonyeshwa ukumbini kwenye kiyoyozi, mtandao ukiwa wa kasi na mgonjwa wa mfano akiitwa Juma, umepimwa kwa mazingira ya ukumbi ule. Mpanda yenyewe iliwaka kwa miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Zipo zahanati zetu zinazotegemea paneli za sola, ambako kompyuta hushindana na jokofu la chanjo kwa umeme wa betri ileile. Masika yakikaza, fundi wa TEHAMA hafiki. Mfumo unaodai mtandao kwa kila kitufe kinachobofywa haujatengenezwa kwa ajili ya hapa, hata kama una rangi za kupendeza.

Tuseme pia kuhusu majina, kwa sababu jina la mgonjwa ndio mlango wa kumbukumbu zote na hapa ndipo mlango unapokwama zaidi. Ndugu zetu Wasukuma wana majina yenye ng'. Zipo programu zinazoikataa ile ritifaa. Mtumishi akiiandika, ujumbe wa kosa unatokea. Basi mmoja ataandika Ngwandu, wa pili ataacha nafasi katikati, wa tatu ataandika Mwandu, na mtu mmoja atakuwa na mafaili matatu. Wenzetu wenye asili ya Burundi wengi hawana jina la ukoo la pamoja. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja kila mmoja ana lake. Fomu inayolazimisha majina matatu huwafanya watumishi kubuni la tatu, na anayebuni leo siye atakayemtafuta mgonjwa mwezi ujao. Mzee anaulizwa tarehe ya kuzaliwa, anajibu kwa mwaka wa njaa au wa mafuriko. Kompyuta inamwandikia Januari mosi, naye anaungana na wazee wengine wengi waliozaliwa Januari mosi. Katika faili moja kati ya yale matatu ndimo ilimoandikwa kwamba mgonjwa hupata mzio wa penisilini. Tabibu akifungua lingine, haoni kitu.

Mtengenezaji aliye mbali hawezi kuyajua haya kwa kukisia, na hatumlaumu kwa kutokujua. Tunasema aje aulize. Mpimaji atakayekuja Katavi aje na orodha ya majina ya hapa, ayaingize, ayatafute tena siku ya pili kwa mkono wa mtu mwingine, aone anayapata mangapi.

Wapo watakaosema haya ni manung'uniko ya watu wasiopenda mabadiliko. Tunawaomba watazame yaliyotokea Pittsburgh, Marekani. Mwaka 2005 madaktari wa hospitali ya watoto ya mji huo walichapisha wenyewe, katika jarida la Pediatrics, yaliyowapata baada ya kuanza kuagiza dawa na vipimo kwa kompyuta. Miongoni mwa watoto waliohamishiwa kwao kutoka hospitali nyingine, waliofariki walikuwa asilimia 2.80 kabla ya mfumo na asilimia 6.57 baada yake. Walieleza walichokiona. Zamani, gari likiwa bado njiani, dawa ziliagizwa na kuandaliwa. Baada ya mfumo, hakuna kilichoweza kuagizwa hadi mtoto afike na kusajiliwa. Muuguzi aliyekuwa kando ya kitanda cha mtoto akahamia kwenye kompyuta. Hospitali ya watoto ya Seattle ilipoweka mfumo uleule, ikiwa imejifunza kwa wenzao na kuandaa mapema orodha za maagizo ya dharura, iliripoti mwaka 2006 kwamba vifo havikuongezeka. Programu ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni jinsi ilivyofungamanishwa na kazi ya wodini. Msomaji na amrudie mkunga wetu wa saa tisa usiku, aliyekatazwa kuandika hadi mama asajiliwe, aone jinsi Pittsburgh ilivyo karibu na Katavi.

Na tusiende mbali hivyo kutafuta mfano mwema. Mosoriot, nje ya Eldoret nchini Kenya, kituo cha afya cha vijijini kilianza kutumia kumbukumbu za kompyuta mwaka 2001, kwa kompyuta mbili na betri za sola za akiba. Kabla ya kuanza, watafiti walimfuata mgonjwa na mtumishi wakiwa na saa, wakaandika kila hatua imechukua muda gani. Baada ya kuanza wakapima tena. Muda wa mgonjwa kituoni ulifupika kwa asilimia 22 na muda wa kusubiri ulipungua kwa asilimia 38. Kilichotugusa zaidi ya tarakimu hizo ni kwamba walipima kabla. Katika vituo vyetu mfumo ukishafika, hakuna awezaye kusema umeongeza kasi au umeipunguza, maana hakuna aliyeshika saa siku ile ya mwisho ya karatasi.

Gharama isiwe kisingizio. Jakob Nielsen na Thomas Landauer walionyesha mwaka 1993 kwamba watumiaji watano wakitazamwa wakifanya kazi halisi hufichua sehemu kubwa ya kasoro za programu. Watano! Kinachotakiwa ni kutowachanganya: kazi ya mkunga si ya karani wa mapokezi, na ya mfamasia si ya mtu wa maabara, kwa hiyo kila kada iwe na watano wake. Wapewe kazi wanazozifanya kila siku. Msajili mtoto mwenye homa ambaye mama yake hana simu. Mtafute mgonjwa wa kisukari aliyekuja mwezi jana. Agiza kipimo, kisha mtandao ukatike katikati, tuone. Mpimaji akae nyuma, aombe mtumishi aseme kwa sauti anachokifikiria anapobofya, asimwelekeze hata akikwama, kwa maana pale alipokwama ndipo penye habari.

Lipo pia dodoso fupi alilolitunga John Brooke nchini Uingereza mwaka 1986, lenye kauli kumi tu, ambapo mtumiaji huonyesha anakubali au anakataa kwa kiwango kimoja hadi tano. Majibu hugeuzwa kuwa alama kati ya 0 na 100, na alama 68 imekuja kuchukuliwa duniani kuwa ndiyo wastani. Linajazwa kwa dakika chache baada ya zamu. Tunalipenda, lakini tunatahadharisha mambo mawili. La kwanza ni lugha: likiletwa kwa Kiingereza, wapo watakaojibu maneno wasiyoyaelewa vizuri, na kauli zake zinapishana, moja ikisifu na inayofuata ikilaumu, hivyo ni rahisi mtu kuzungushia namba zilezile hadi mwisho. La pili ni heshima. Mtumishi wa Kitanzania akiulizwa na bosi wake mbele ya wageni kama mfumo ni mzuri, atasema ni mzuri. Hatawaaibisha wageni. Kwa hiyo dodoso lijazwe bila jina, mganga mfawidhi na timu ya usimamizi wakiwa wametoka nje, na likusanywe na mtu ambaye hapangi uhamisho wa mtu yeyote.

Hapa tunapaswa kukiri jambo. Katika baadhi ya vituo neno la siri la tabibu limeandikwa kwenye kipande cha plasta, ileile ya kufungia vidonda, na kubandikwa pembeni ya skrini. Watatu wanne hulitumia. Tunajua ni kosa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazitambua taarifa za afya kuwa taarifa nyeti, na mgonjwa mwenye VVU ana haki ya kujua nani amefungua faili lake. Lakini plasta ile haikubandikwa kwa uzembe. Ilibandikwa kwa sababu mfumo unamfungia mtumishi nje baada ya muda mfupi, kuingia tena kunachukua muda kuliko kumwangalia mgonjwa, na anayeweza kufufua neno la siri lililosahaulika yuko makao makuu ya halmashauri na simu yake haipatikani wikiendi. Kupima urahisi wa kutumia kungelifichua hili mapema kuliko karipio lolote. Usalama wa taarifa usiowezekana kufuatwa huzaa plasta.

Tumezungumza pia, kwa uchungu, kuhusu wagonjwa wa msamaha. Sera inawaondolea malipo wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasio na uwezo. Ila mifumo mingine imejengwa kuanzia dirisha la malipo: bila kontroli namba au alama ya kuthibitishwa, jina halitokei kwa tabibu. Bibi anayestahili kutibiwa bure anatoka mapokezi kwenda ustawi wa jamii, anarudi mapokezi, anaambiwa asubiri mfumo usome. Ukusanyaji wa mapato ni halali na vituo vinauhitaji, ila mfumo unaomwona mgonjwa kwanza kama ankara umeanzia mguu mbaya. Na sasa kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapeleka madai ya watu wengi zaidi kupitia kompyuta hizi hizi, huu ndio wakati wa kuliweka sawa.

Kwa hayo yote, tunaomba na kusisitiza yafuatayo.

Tunaziomba TAMISEMI na Wizara ya Afya ziweke sharti kwamba hakuna mfumo wala toleo jipya litakalowashwa katika kituo cha Katavi bila taarifa ya upimaji uliofanyika katika angalau zahanati moja ya kijijini, kituo kimoja cha afya na hospitali moja, na taarifa hiyo ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kituo ili watumishi waisome. Mamlaka ya Serikali Mtandao, inayosimamia viwango vya mifumo ya umma kwa Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, tunaiomba iutazame upimaji huu kwa uzito uleule inaoutazama usalama wa mifumo.

Mgonjwa wa dharura apokelewe na kuandikiwa huduma kwanza, usajili na malipo yafuate. Hili halihitaji kusubiri upimaji wowote. Lifanyike sasa, hata kwa kutumia jina la muda. Tunaliweka mbele ya mengine yote.

Kuandika mara mbili kuwe na tarehe ya mwisho. Tunaelewa kwamba vitabu vya MTUHA haviwezi kuachwa siku mfumo unapoingia; mfumo ukigoma, kitabu ndicho kinachobaki. Lakini leo hakuna ajuaye vitaachwa lini, na mkunga anaandika jina la mama mmoja mara tano. Utolewe waraka unaosema mfumo ukifikia kiwango fulani katika upimaji, kitabu fulani kinafungwa rasmi. Na siku mtandao unaposumbua, taarifa za karatasi ziingizwe baadaye na karani aliyepangiwa kazi hiyo. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku aruhusiwe kwenda kulala.

Skrini ziwe na Kiswahili. Majina ya magonjwa na misimbo yake yanaweza kubaki kama yalivyofundishwa vyuoni, ila maelekezo, maonyo na ujumbe wa makosa viwe kwa lugha ambayo mtumishi aliyechoka anaielewa bila kufikiri mara mbili. Onyo la kipimo cha dawa lisilosomeka vizuri saa tisa usiku halijamwonya mtu.

Watengenezaji wa mifumo tunawaalika waje wakae nasi wiki nzima. Wasije kufundisha. Waje wakae benchi la mapokezi Mpanda asubuhi ya Jumatatu, waende Mishamo, waende Karema, walale kwenye zahanati siku moja ya zamu ya usiku. Tutawapokea vizuri na chakula tutakula pamoja. Kila kasoro iliyoripotiwa na mtumishi ipewe namba na ijibiwe, hata kama jibu ni kwamba haiwezekani kwa sasa. Kinachowavunja moyo wenzetu ni kuripoti jambo moja mara nne kwa watu wanne na kutosikia neno.

Nasi tunajifunga kwa upande wetu. Wanachama wetu watajitolea kutazamwa wakifanya kazi, pamoja na wale wanaoogopa kuonekana hawajui kompyuta. Tumewaeleza kwamba kinachopimwa ni programu, na mtu akikwama ameisaidia kazi. Tutalitafsiri dodoso la kauli kumi kwa Kiswahili cha kawaida, tulijaribu kwanza kwa wenzetu wachache wa kila kada, turekebishe linapoeleweka vibaya, kisha tulitoe bure kwa halmashauri zote tano. Tutaandaa orodha ya majina ya kubuni yenye sura ya majina ya mkoa huu, yenye ng', yasiyo na ukoo, yenye herufi zinazochanganywa, ili mpimaji yeyote aitumie bila kugusa taarifa ya mgonjwa wa kweli. Na katika kila kituo chenye mwanachama wetu, plasta zitabanduliwa kwenye skrini tangu wiki hii. Pale ambapo kuondoa plasta kutachelewesha mgonjwa, mwanachama ataandika saa na dakika zilizopotea, na maandishi hayo tutayakabidhi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa kila mwisho wa mwezi.

Vituo vitakavyokuwa tayari kushikiwa saa kabla ya mfumo mpya kuwashwa vituandikie kupitia waratibu wao wa MTUHA. Daftari, kalamu na watu wa kukaa pembeni tunao.

Limetolewa na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama wote,
Mpanda, Mkoa wa Katavi